UZI: Nesi wa afya ya jamii ni wa waliofika zahanati au ni wa kijiji kizima?

#1 nesi_wa_nyanda (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, zahanati ya kijiji, mkoa wa Njombe. Nyuzi za manesi humu ni nyingi na karibu zote ni za wodini: lugha mbaya, foleni, chumba cha kujifungulia. Zina nafasi yake. Leo naomba tujadili kazi ya nesi nje ya jengo, maana hiyo haizungumzwi na ndiyo inayoniuma.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili mnipinge vizuri. Zahanati ni ya kijiji kizima, lakini nesi anapimwa kwa watu waliofika: wangapi wamechanjwa, wangapi wamejifungua hapa, wangapi wamepewa dawa. Asiyefika hayumo kwenye hesabu ya siku. Mimi nasema kazi ya nesi wa afya ya jamii inaanzia kwa huyo asiyefika. Kama hatumjui ni nani na kimemzuia nini, basi tumehamishia wodi kijijini tu.

Chukueni udumavu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Angalieni sasa mikoa inayoongoza: Iringa karibu 57, Njombe na Rukwa karibu 50. Ni mikoa inayolisha nchi! Huku kwetu mahindi yapo, maharage yapo, viazi mviringo, maziwa, na parachichi zinapakiwa kwenye malori kila msimu. Anayesema tatizo ni njaa namkaribisha aje aone maghala.

Sababu huioni ukiwa umekaa zahanati. Mama analeta mtoto kliniki, unampima uzito, unamlaza kwenye ubao wa urefu, unaona yuko chini ya umri wake. Unamwambia "mpe mlo kamili", anaitikia "sawa sista", anaondoka. Mwezi unaofuata ni yale yale. Nenda nyumbani kwake saa nne asubuhi. Unapiga hodi, "kamwene", unakaribishwa na bibi. Mama yuko shambani tangu alfajiri, na shamba liko mbali. Mtoto wa mwaka mmoja kaachwa na bibi na dada yake ambaye naye bado mdogo. Kwenye chupa ya chai kuna uji uliopikwa alfajiri, uji mwepesi wa sembe tupu, na ndio chakula cha mtoto mpaka jioni. Pembeni pana gunia la maharage, na juu ya kabati pana trei ya mayai inayosubiri mnunuzi.

Pale ndipo "mlo kamili" inapokosa pa kushika. Unakaa na bibi, maana yeye ndiye anayelisha. Mnapika pamoja uji mzito, ule ambao ukiuinua kwenye kijiko hauchuruziki. Mnaponda maharage yaliyoiva au parachichi mnachanganya humo. Bibi anaambiwa mtoto wa umri ule tumbo lake ni dogo, anatakiwa kula mara tatu, nne kwa siku. Halafu unarudi jioni baba akiwepo, kwa sababu pesa ya mayai ina mwenyewe, na bila yeye kukubali kwamba mayai kadhaa kila wiki hayauzwi, mama hawezi kuyagusa. Haya yote yafanyike mtoto hajatimiza miaka miwili. Baada ya hapo kimo kilichopotea ni vigumu sana kukirudisha, na akili yake darasani nayo inakuwa imeguswa.

Kazi hiyo yote kwenye ripoti ya mwezi ni mstari mmoja, na mara nyingine haina hata mstari. Naomba mnieleze: nesi wa kwenu mnamwona wapi?

#2 mamawawili

Dada nesi, umeongea vizuri ila nina dukuduku. Nilimpeleka mwanangu wa miezi tisa chanjo ya surua zahanati moja huku mjini. Nikaambiwa watoto hawajatosha, nirudi Alhamisi. Nauza mboga sokoni, siku nisipofungua genge hatuli. Alhamisi sikwenda. Sasa wewe unasema "asiyefika". Mimi nilifika!

#3 nesi_wa_nyanda

Pole sana dada. Una haki kabisa, na nitakueleza kinachotokea nyuma ya dirisha.

Chanjo ya surua na rubella inakuja ikiwa unga kwenye kichupa, inachanganywa na maji yake maalumu. Kichupa kimoja ni cha watoto kadhaa, mara nyingi kumi. Ile ya kifua kikuu anayochomwa mtoto akizaliwa kichupa chake ni cha watoto ishirini. Ikishachanganywa, mwisho ni saa sita, kilichobaki kinamwagwa. Nesi anaulizwa dozi zilizomwagika, anaogopa, anasubiri watoto watimie.

Woga huo naujua, lakini haumsaidii mtoto. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani uko wazi: mtoto aliyefika na anastahili achanjwe, hata kama ni peke yake, kichupa kifunguliwe. Surua ni katika magonjwa yanayoambukiza kuliko yote. Mgonjwa mmoja akiingia kwenye watu wasio na kinga anaweza kuambukiza kumi na wawili hadi kumi na wanane. Ili kijiji kiwe salama watoto 95 katika 100 wanatakiwa wawe wamechanjwa, tena dozi zote mbili, ya miezi tisa na ya mwaka mmoja na nusu. Dozi zinazomwagika zilishawekwa kwenye mahesabu ya kuagiza. Mama aliyefunga genge lake hakuwekwa popote.

Mpeleke mtoto hata kama miezi tisa imepita, bado anachanjwa. Na nesi wako alipaswa kuchukua namba yako ya simu siku ile ile.

#4 afisa_afya_kata

Mkuu mleta uzi, nakuheshimu lakini unavuka mpaka. Nyumba kwa nyumba ni kazi yetu maafisa afya, au mabwana afya kama wananchi wanavyotuita. Vyoo, maji, taka, machinjio, mama lishe. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 imetupa mamlaka ya kuingia, kukagua na kufunga. Nesi ana Sheria yake ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 na baraza lake. Kila mtu akifanya kazi ya mwenzake tunawachanganya wananchi.

#5 nesi_wa_nyanda

Kaka, hapa hatugombani. Wewe unaingia kwenye boma na sheria, mimi naingia na kadi ya kliniki. Mwananchi anakuona wewe anakimbilia kuficha choo kibovu, mimi ananionyesha kidonda. Tunahitajiana.

Kipindupindu kikiingia, wewe utatia klorini kisimani, utafunga mgahawa, utahakikisha maziko ni salama. Mimi nitauliza nani alikula na nani, nani anaharisha kimya kimya ndani, nitampa dawa ya kuongeza maji na kuwafundisha namna ya kuichanganya. Ile ya paketi ikikosekana: maji safi na salama lita moja, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, basi. Chumvi isizidi, ni hatari kwa mtoto. Tukienda pamoja nyumba ile inatembelewa mara moja na inapata kila kitu.

Mnakumbuka Marburg kule Kagera mwaka 2023? Ilitangazwa Machi 21 na ikatangazwa kuisha Juni 2. Wagonjwa walikuwa 9, waliofariki 6, na mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwao. Ugonjwa kama ule hauna dawa ya moja kwa moja. Ulizimwa kwa kumtafuta kila aliyemgusa mgonjwa na kumfuatilia siku 21, asubuhi kwa jioni, kumpima joto mlangoni kwake. Mtu asiyeijua familia hafunguliwi mlango siku 21 mfululizo. Pale walihitajika wote, mimi na wewe, mwenyekiti wa kitongoji na shehe na padri.

#6 mzee_wa_bajeti

Mleta uzi una moyo, ila tuongee uhalisia. Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii (WAJA) Januari 2024. Lengo ni zaidi ya wahudumu 137,000 kwa miaka mitano, wawili kila kitongoji na kila mtaa. Hao ndio wa kupita majumbani. Zahanati nyingi vijijini zina watumishi wawili watatu. Nesi akitoka kwenda kupika uji na bibi, mama mwenye uchungu akija nani atamzalisha? Muacheni nesi abaki kituoni, WAJA wapite nyumbani. Gharama ni ndogo na kazi inafanyika.

#7 nesi_wa_nyanda

Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri, nitalijibu kwa kirefu.

Kwanza, wahudumu hao nawapenda na nafanya nao kazi. Wanaishi kitongojini, wanajua nani ana mimba kabla ukweni hawajajua. Lakini mafunzo yao ni ya miezi sita, na kazi yao ni kuona, kuelimisha na kuelekeza. Baada ya kuona, lazima awepo wa kuamua.

Nitoe mfano. Mhudumu anakuta mjamzito wa miezi minane, uso umevimba, kichwa kinamgonga, anaona vimulimuli. Anatakiwa ajue hiyo ni hatari na anipigie simu, na wanajua, nawapongeza. Lakini wa kupima presha, kuangalia protini kwenye mkojo, kuanza sindano ya magnesiamu ili asipate kifafa cha mimba akiwa njiani, na kupiga simu hospitali ya wilaya wamsubiri, ni nesi. Au utepe wa mkono wa mtoto: mhudumu anaufunga, unasoma rangi nyekundu, chini ya sentimita 11.5, yaani utapiamlo mkali. Kazi yake kaimaliza vizuri. Sasa mtoto huyu anaweza kutibiwa nyumbani kwa chakula dawa, au alazwe? Unabonyeza miguu kuona kama inabonyea, unampa chakula dawa uone kama ana hamu ya kula, unamsikiliza kifua. Hapo uuguzi unahitajika.

Pili, kuna mambo mtu hatamwambia jirani yake. Mkoa wangu una maambukizi ya VVU makubwa kuliko mikoa yote ya Tanzania Bara. Utafiti wa 2022/2023 ulitoa asilimia 12.7 kwa watu wazima, wakati taifa ni 4.4. Mtu ameacha kuchukua dawa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, miezi miwili. Ni mama anayenyonyesha. Ukimtuma mhudumu anayechota naye maji bomba moja, huyo mama atakukimbia mpaka mkoa wa jirani. Mimi nikienda, pikipiki naiacha dukani, natembea kwa miguu. Napita kwanza nyumba mbili tatu nyingine zenye watoto wachanga nikiangalia kadi, ili nyumba yake iwe mojawapo tu. Nikifika naomba kumwona mtoto. Tukibaki wawili ndipo tunaongea. Mara nyingi kikwazo ni nauli, au mume hajui, au kuna mtu alimtamkia jina kwa sauti kwenye foleni. Kila kimoja kina dawa yake, na hakuna kinachotibiwa kwa kumgombeza.

Tatu, hoja yako ya watumishi wawili watatu naikubali asilimia mia. Nesi aliye peke yake hawezi kumwacha mama mwenye uchungu. Ila ukinambia kwa hiyo asitoke kabisa, nakataa. Jibu ni kuajiri, na wakati tunasubiri ajira, ni kupanga. Siku za huduma ya mkoba, yaani za kuwafuata watu vitongojini, ziwe kwenye ratiba inayobandikwa ofisi ya kijiji, na siku hiyo mwenzako anabaki kituoni. Unatoka ukijua unamwendea nani, kwa sababu juzi umekaa na rejista na madaftari ya wahudumu mkaandika majina ya watoro wa chanjo, wajawazito waliokuja mara moja wakapotea, wagonjwa wa kifua kikuu waliokosa dawa. Huyo wa kifua kikuu anameza dawa miezi sita. Wiki chache tu anajisikia amepona, ndipo anapoacha. Njia ya kumsimamia mgonjwa akimeza dawa, inayotumika dunia nzima sasa, ilijengwa hapa hapa Tanzania, kwenye mpango wa kifua kikuu na ukoma ulioanza 1977 chini ya Dk. Karel Styblo. Tulifundisha wengine kumfuata mgonjwa. Tusije tukaacha sisi.

#8 bibi_kliniki

Wanangu, mimi ni mstaafu, nilianza kazi miaka ya sabini kama msaidizi wa afya ya mama na mtoto. Baadaye wengi wetu tuliendelezwa kuwa wauguzi wa afya ya jamii daraja B. Mzani tulikuwa tunautundika kwenye tawi la mwembe, mtoto anawekwa kwenye chupi ile ya turubai analia, mama zake wanacheka. Kliniki ilikuwa ni hapo.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima kama milioni mbili nchi nzima walikaa kwenye vikundi kuzunguka redio, wakisikiliza kipindi, halafu wanajadili na kukubaliana cha kufanya wiki hiyo. Wakimaliza kikundi, majembe: wanachimba vyoo, wanafyeka nyasi zenye mbu, wanafukia madimbwi. Tulijifunza kwamba watu wakiamua wenyewe wanatekeleza, wakiamriwa wanangoja uondoke.

Tulikuwa pia na wahudumu wa afya wa kijiji. Wengi walipotea, na sababu nilizishuhudia. Waliambiwa watalipwa na serikali ya kijiji, na kijiji hakikuwa na fedha. Na wakishamaliza mafunzo hakuna aliyepita kuwaona. Mzee wa bajeti, hao wapya nao wakikosa posho na wakikosa nesi wa kukaa nao kila mwezi, watakwenda njia ile ile.

#9 nesi_wa_nyanda

Shikamoo bibi. Nimesoma ujumbe wako mara mbili. Hilo la kuwaona wahudumu kila mwezi nitalipeleka kwenye kikao chetu kama lilivyo.

#10 jirani_wa_namanga

Nawapata kutoka Kenya. Huku kwetu wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walizinduliwa Septemba 2023 na kupewa mikoba yenye vifaa vya kupima presha na sukari. Marupurupu ni shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu serikali kuu nusu kaunti. Ni hatua kubwa. Lakini bibi amesema kweli. Wakipima presha ya mzee na iwe juu, wanamtuma zahanati. Akifika huko na hakuna dawa wala muuguzi wa kumfuatilia, mwezi ujao hata hawamfungulii mlango. Mwenye presha au sukari hana homa wala maumivu, ndiyo maana hafiki. Hao ndio wasiofika wengi zaidi siku hizi, na sijaona mkiwataja.

#11 nesi_wa_nyanda

Ahsante jirani, umenisaidia, nilikuwa nimetawaliwa na mama na mtoto. Wazee wetu wenye presha wapo wengi, na wanaogunduliwa wameshapooza ni kidonda kwangu. Siku za mkoba sasa tunabeba mashine ya presha na tunawapima na akina bibi wanaowaleta wajukuu.

#12 mwalimu_wa_msingi

Shuleni kwetu manesi wanakuja siku ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi tu. Mwaka 2024 ilipobadilishwa kuwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, walifika asubuhi, nusu ya wasichana hawakuja shule. Wazazi waliambiana kwamba ni sindano ya kuzuia uzazi. Mimi ndiye niliyebaki kujibu maswali, na mimi si mtaalamu. Nesi anatakiwa aje shule lini?

#13 nesi_wa_nyanda

Mwalimu, kabla. Wiki kadhaa kabla, kwenye mkutano wa wazazi, na akina baba wawepo. Aeleze saratani hiyo inasababishwa na kirusi, chanjo inatolewa mapema kwa sababu inafanya kazi vizuri kabla msichana hajakutana nacho, na haigusi uzazi. Halafu anyamaze asikilize. Mzazi aliyeuliza swali lake gumu mbele ya watu akajibiwa kwa heshima, huyo ndiye atakayewajibu wenzake kilabuni.

Nesi wa shule ni kazi ya zamani. New York mwaka 1902 watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani kwa macho mekundu, chawa na upele, na hakuna aliyewafuata huko. Akawekwa nesi mmoja, Lina Rogers, kwenye shule nne kwa majaribio. Akatibu alichoweza pale pale, jioni akawafuata majumbani kuwaonyesha mama zao namna ya kuendelea. Watoto wakarudi darasani, na jiji likaajiri manesi wengine. Kwako inawezekana kuanza na siku moja kila muhula, muandikie mganga mfawidhi barua kupitia mwalimu mkuu.

Na kwa wote mnaouliza inbox pesa ya mafuta ya pikipiki inatoka wapi: tangu 2017/2018 fedha za vituo zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati yenyewe, na kila zahanati ina kamati ya usimamizi yenye wananchi ndani yake. Mpango wa mwaka unapitishwa hapo. Mjue wajumbe wenu ni akina nani. Waulizeni wametenga kiasi gani kwa huduma ya mkoba, ratiba ya mwezi huu ni ipi, na kitongoji kilicho mbali kuliko vyote kimeandikwa tarehe gani. Kama hakimo, kikao kijacho kiingizwe.